Kabla hujaandika Ia: kukagua spektra ya supanova inayokupotosha

Jumamosi moja jioni ujumbe uliingia kwenye simu yangu: "Shikamoo Mwalimu. Ile namba tatu tumeimaliza. Ni Ia, bonde la silikoni linaonekana kabisa." Nikaitikia marahaba, kisha nikauliza swali moja tu: "Na salfa mmeiona wapi?" Zikapita kama dakika ishirini. "Mwalimu, salfa hatuioni."

Namba tatu ilikuwa SN 1994I, supanova (mlipuko wa nyota) iliyoonekana Aprili 1994 kwenye galaksi ya M51. Nilikuwa nimepakua spektra yake, yaani grafu ya nuru yake iliyotawanywa kwa urefu wa wimbi, kutoka WISeREP, hifadhi ya umma ya spektra za namna hii, nikafuta jina na tarehe, nikawapa wanafunzi wangu wa fizikia hapa Dodoma watambue ni supanova ya aina gani. Si Ia. Ni Ic, yaani nyota kubwa iliyokwisha kupoteza tabaka zake za nje kabla kiini chake hakijaporomoka. Ia ni jambo jingine kabisa: ni kibete cheupe, mabaki mazito ya nyota ndogo, kinacholipuliwa na moto wa nyuklia.

Kuzichanganya hizi mbili kuna hasara. Ia ndizo zinazotumika kupimia umbali wa galaksi. Mwaka 1998 timu mbili zilizitumia na kugundua kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka, kazi iliyopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011. Ic kwa kawaida haing'ai kama Ia, kwa hiyo ukiitia kwenye kapu la Ia, galaksi yake utaihesabu kuwa mbali kuliko ilivyo.

Baada ya kusahihisha karatasi nyingi za aina hii nimeona kwamba makosa mengi hayatokani na nyota yenyewe. Nuru imetoka kwenye mlipuko, ikapita kwenye gesi ya galaksi yake, ikapita kwenye hewa yetu, kwenye kioo, kwenye gretingi inayoitawanya kwa rangi zake, ikaishia kwenye kamera. Kila ilipopita imebeba alama. Mtu anaona bonde, anakimbilia jina la aina, kabla hajauliza bonde lile ni la nani. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili: unachokiona kwenye grafu, halafu wanaoweza kuwa wamekisababisha, na jinsi ya kuwatenganisha.

Natumia nanomita. Faili likiwa na angstromu, gawa kwa 10. Nikisema "bonde" nina maana ya mahali ambapo nuru imefyonzwa. "Nundu" ni mahali nuru imezidi. Na mgawanyo wenyewe kwa ufupi: Rudolph Minkowski mwaka 1941 alizitenga supanova zenye hidrojeni, akaziita II, na zisizo nayo, akaziita I. Baadaye zile za I zikagawanywa: zenye silikoni nzito ni Ia, zenye heliamu ni Ib, zisizo na heliamu wala silikoni ya maana ni Ic. Kwenye II kuna IIn zenye mistari myembamba, na IIb zinazoanza na hidrojeni kisha zikageuka kufanana na Ib.

Kila mstari umekaa kando kidogo ya mahali pake

Hapa usiumize kichwa na nyota. Kipimo chako cha urefu wa wimbi hakijakaa sawa. Sisi tunatumia darubini ya kioo cha milimita 200 na gretingi, kile kioo chenye mistari 100 kwa kila milimita kinachofungwa mbele ya kamera. Gretingi ikilegea kidogo tu, mizani yote inahama.

Dawa ni kupiga picha ya nyota angavu unayoijua, usiku uleule, kwa mpangilio uleule. Kwetu Sirius inafaa mno, maana inapita karibu na utosi na mabonde yake ya hidrojeni ni mazito: 656.3, 486.1, 434.0. Ukiwa na spektrografu, chombo kinachopitisha nuru kwenye ufa mwembamba kabla ya kuitawanya, tumia taa ya neoni. Usipokuwa nayo, zile balbu za zamani za kubana matumizi zina zebaki ndani, na zebaki ina mistari mikali kwenye 435.8 na 546.1. Ukiipata moja, itunze.

Mstari mwembamba wa hidrojeni umesimama juu ya kila kitu

Hii ndiyo dalili iliyonipotosha mimi mwenyewe, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ina visababishi vingi kuliko nyingine zote.

Mei 19, 2023, Koichi Itagaki wa Japani aligundua supanova kwenye M101, galaksi iliyo umbali wa miaka nuru kama milioni 21. Ikapewa jina SN 2023ixf. Siku tatu baadaye tulipakia darubini kwenye gari tukaenda Hombolo, kwa sababu M101 iko kaskazini na upande wa kaskazini wa Hombolo hakuna mji wenye taa nyingi. Kutoka latitudo yetu galaksi ile haipandi zaidi ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, tena hapo ni kati ya saa nne na saa tano usiku. Tulipiga picha sitini za sekunde thelathini kila moja.

Asubuhi grafu ilionyesha mteremko mkali wa buluu, yaani nuru nyingi zaidi upande wa buluu, nundu kwenye 656, na nundu nyingine, ndogo, karibu na 465. Kijana aliyekuwa akichora akasema IIn. Nikakubali, nikaandika IIn kwenye daftari la kikundi kwa kalamu ya wino.

Tuliporudi Juni mosi mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu na anga limejaa mwanga wake, lakini spektra ilitoka. Zile nundu mbili hazikuwepo. Mwishoni mwa Juni hidrojeni ilirudi, safari hii ikiwa pana, na bonde upande wa buluu, kama II ya kawaida inavyokuwa. Tulichokuwa tumekiona Hombolo ni gesi ambayo nyota iliipuliza kutoka mwilini mwake muda mfupi kabla ya kufa. Mlipuko uliiangaza gesi ile kwa siku chache, kisha makombora ya mlipuko yakaipita na kuimeza. Ile nundu ya karibu na 465 ndiyo ingetustua: ni heliamu iliyonyang'anywa elektroni moja, mstari wake ni 468.6, ikichanganyika na kaboni na nitrojeni pembeni yake. Ukiiona, jua supanova ni changa sana, ya siku chache. Usiandike IIn. Andika II, weka tarehe, subiri wiki mbili.

Kisababishi cha pili ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi kuliko vyote: mstari ni wa galaksi. Supanova za nyota kubwa hulipuka kwenye mawingu ya gesi zilikozaliwa, na mawingu hayo hung'aa kwa hidrojeni yaliyo nayo. Mstari wa wingu hauji peke yake. Tafuta wenzake: nitrojeni kwenye 658.3, salfa mbili kwenye 671.6 na 673.1, oksijeni kwenye 495.9 na 500.7, huyu wa mwisho akiwa na nguvu karibu mara tatu ya mwenzake. Ukiwaona, basi mstari wa hidrojeni ni wa wingu. Na kama una picha yenyewe kabla haijawa grafu, angalia kama mstari ule unaendelea juu na chini ya alama ya nyota. Nyota ni nukta, wingu limetandaa. Usiutupe mstari huo, utauhitaji baadaye kupata mhamo mwekundu, yaani kiasi ambacho nuru ya galaksi imehamia upande wa nyekundu kwa kuwa galaksi inatukimbia.

Watumiaji wa gretingi bila ufa wana tatizo lao la peke yao. Nyota nyingine yoyote iliyo kwenye picha inaacha nukta, na nukta hiyo ikiangukia juu ya spektra yako, kwenye grafu inakuwa mstari mzuri sana, mwembamba na wenye nguvu. Zungusha gretingi nyuzi 30 upige tena. Mstari wa kweli utabaki kwenye urefu wake wa wimbi, nukta ya jirani itahama.

Halafu kuna nova na nyota-pacha zinazolipukalipuka ndani ya galaksi yetu wenyewe, ambazo kwa bahati zimekaa mbele ya galaksi ya mbali. Hidrojeni ya hizi iko pale pale 656.3 bila kuhama, wakati galaksi ya nyuma ina mhamo wake. Ukipata hali hiyo huna supanova kabisa.

Ukishaondoa hao wote, na mstari bado upo wiki baada ya wiki, ukiwa mwembamba kileleni na mabega yake mapana, hapo una haki ya kusema IIn. Lakini angalia uwezo wa chombo chako. Gretingi kama yetu inatenganisha kwa kiwango cha karibu 100, maana yake kwenye 656 haiwezi kuonyesha kitu chembamba kuliko nanomita 6 au 7. Ukiugeuza upana huo kuwa kasi ya gesi, ni kama kilomita 3,000 kwa sekunde. Mstari wa kweli wa IIn unaweza kuwa wa kilomita mia kadhaa tu. Kwa hiyo sisi wa gretingi tunaweza kuhisi wembamba, kuuthibitisha hatuwezi. Hiyo ni kazi ya spektrografu halisi, kama zilizoko Sutherland, Afrika Kusini, kwenye darubini ya SALT na ile ya mita 1.9.

Bonde karibu na 615

Sasa turudi kwenye namba tatu. Silikoni ya Ia ina mstari kwenye 635.5, lakini kwa kuwa inatujia kwa kasi kubwa, bonde linahamia upande wa buluu na kutua karibu na 612 hadi 615. Kila kitabu kinaonyesha hilo, kwa hiyo kila mwanafunzi akiona bonde hapo roho inatulia. Isitulie mapema.

Silikoni ya Ia ina majirani. Karibu na siku za mng'ao wa juu utaona mabonde mawili yaliyokaa pamoja kati ya 530 na 550, yanafanana na herufi W. Hiyo ni salfa, ile ile wakulima wa zabibu hapa Dodoma wanayoipulizia mizabibu kuzuia ukungu. Na upande wa buluu kabisa, karibu na 380, kuna bonde pana la kalsiamu. Kalsiamu wanayo wengi, haithibitishi. W ndiyo muhuri. Ic haina W. Badala yake ina bonde zito la oksijeni linaloanzia mstari wa 777.4, na silikoni yake, kama ipo, ni hafifu. SN 1994I ni hivyo hivyo: oksijeni nzito, kibonde kidogo mahali silikoni ilipo, W hakuna.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, W hufifia. Wiki mbili au zaidi baada ya mng'ao wa juu haionekani vizuri hata kwenye Ia halisi, na hapo Ia na Ic hufanana kuliko wakati mwingine wowote. Bila kujua umri, usiitumie kukataa. Ya pili, kamera nyingi za kawaida zina chujio linalokata nuru kabla ya 700. Ukiwa na kamera hiyo huwezi kusema "oksijeni haipo". Hujaitazama.

Bonde hilohilo linaweza kuwa la hidrojeni. Kwenye IIb, hidrojeni iliyobaki ni ganda jembamba la juu, na ganda la juu ndilo linalokimbia kuliko yote. Hidrojeni ya 656.3 ikikimbia kilomita 15,000 kwa sekunde inafyonza kwenye 623. Ikifika 19,000 inatua 615 kamili, juu ya kiti cha silikoni. Jaribio lake ni rahisi: chukua kasi uliyoihesabu, uitumie kwa ndugu yake wa 486.1. Kwa kilomita 15,000 bonde lake lingekuwa 462. Ukilikuta huko, hidrojeni imejitambulisha.

Na kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi kwa watu makini kabisa: kusahau mhamo mwekundu. Nipe nafasi nilifanyie hesabu, kwa sababu namba zake zinashangaza.

Tuseme mstari wa gesi ya galaksi umeukuta kwenye 672.0 badala ya 656.3. Tofauti ni 15.7, gawa kwa 656.3 upate 0.0239. Huo ndio mhamo. Sasa bonde lako liko 629. Gawa kwa 1.0239 unapata 614.3, na ukililinganisha na silikoni ya 635.5 kasi inakuwa kilomita 10,000 kwa sekunde. Ia safi kabisa. Lakini mtu aliyesahau kugawa anaona bonde kwenye 629, anasema hili liko mbali na 615, haliwezi kuwa silikoni, labda ni hidrojeni. Anahesabu kutoka 656.3, anapata karibu kilomita 12,500 kwa sekunde, kasi inayokubalika vizuri kwa supanova changa ya II. Hesabu yake haina kosa hata moja, na jibu lake si sahihi. Ndiyo maana kwenye kikundi chetu karatasi isiyo na mhamo mwekundu juu, upande wa kulia, hairuhusiwi kuwa na jina la aina.

Mwisho kwenye bonde hili: hewa. Oksijeni tunayopumua inafyonza nuru kwenye 687 na, kwa nguvu zaidi, kwenye 760. Supanova yenye mhamo wa 0.12 silikoni yake inaangukia karibu kabisa na 687. Unaweza kuona bonde zuri la Ia ambalo kumbe ni hewa ya Dodoma, au ya Chile, kokote spektra ilikopigwa. Tazama 760. Kama kuna shimo refu pale, basi hewa haijaondolewa, na la 687 nalo lishuku. Piga nyota ya kawaida iliyo jirani, kwa urefu uleule angani, ugawanye spektra moja kwa nyingine. Bonde la hewa litafutika, la nyota litabaki.

Programu imesema Ia, na imesema kwa uhakika

Wengi sasa wanaanzia hapa, na sina ugomvi nao. SNID, programu iliyoelezwa na Stéphane Blondin na John Tonry mwaka 2007, inachukua spektra yako na kuilinganisha na rafu ya spektra zinazojulikana, ikitafuta aina, umri na mhamo kwa pamoja. Inatoa namba ya ubora iitwayo rlap. Chini ya 5 usiiamini.

Lakini rafu ile haina usawa. Ia ndizo zilizochunguzwa zaidi, kwa hiyo zimejaa. Ukiiletea spektra chafu, yenye kelele nyingi, uwezekano wa kuangukia Ia ni mkubwa kwa sababu ya wingi wao tu. Usisome jibu la kwanza peke yake. Soma kumi ya kwanza. Zikiwa zote Ia za umri unaokaribiana, vizuri. Zikiwa Ia nne, Ic nne na Ib mbili, programu imekuambia haijui.

Ukiujua mhamo wa galaksi, ufunge huo kabla ya kuendesha, usiiache programu iuchague. Kisha pima umri uliopewa dhidi ya tarehe. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji chombo. Ia huchukua siku 17 hadi 20 hivi kutoka mlipuko hadi mng'ao wa juu. Programu ikisema "Ia, siku 20 baada ya mng'ao wa juu", basi mlipuko ulikuwa takriban siku 40 zilizopita. Nenda kwenye ukurasa wa supanova hiyo katika TNS, rejista rasmi ya ugunduzi, uangalie tarehe ya mwisho ambayo mahali pale palipigwa picha na hapakuonekana kitu. Kama ni wiki moja iliyopita, jibu la programu haliwezekani, hata rlap ikiwa 10.

Nuru ya galaksi nayo huichanganya programu. Supanova hafifu karibu na kitovu cha galaksi inakuja imefunikwa na nuru ya nyota mabilioni. Toa nuru ya pembeni kwanza.

Mteremko wa buluu, hakuna bonde wala nundu

Mara nyingi ni II changa, bado ya moto mno. Inaweza kuwa kitu kingine cha moto, hata kitovu cha galaksi chenye shughuli. Huwezi kulazimisha jibu. Andika "buluu, haijabainika" na urudi baada ya siku nne au tano. Kinyume chake, spektra iliyoinamia nyekundu huku mabonde yake ni ya kawaida, na mstari mwembamba wa sodiamu upo kwenye mhamo wa galaksi, inakuambia kuna vumbi njiani. SN 2014J kwenye M82 ilikuwa Ia ya namna hiyo. Mteremko hauamui aina. Mabonde ndiyo yanayoamua.

Upande wa buluu umepotea

Kabla ya kulaumu vumbi la angani, uliza darubini ilitazama juu kiasi gani. Kwenye nyuzi 30 nuru inapita hewa mara mbili ya ile ya utosini, na hewa inaipinda buluu tofauti na nyekundu, kwa hiyo ukiwa na ufa mwembamba ulioelekezwa vibaya, nyekundu inaingia na buluu inabaki nje. Weka ufa usimame wima kwa upeo wa macho.

Hapa kwetu ongeza upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ya Dodoma ni kavu na usiku hauna mawingu, ndiyo miezi yetu mizuri, lakini ndiyo miezi ya vumbi. Vumbi jekundu lililotulia kwenye gretingi linatawanya nuru, na mabonde yote yanaonekana mepesi kuliko yalivyo, kana kwamba mtu amemimina maji kwenye chai. Puliza kwa pampu ya mpira. Usifute kwa kitambaa. Chembe za mchanga wetu zinakwaruza, na gretingi iliyokwaruzwa haiponi.

Kwa wenye gretingi, jambo moja zaidi: nuru ya buluu ya 380 hujirudia kwenye mpangilio wa pili, nakala ya pili ya spektra inayotolewa na gretingi, na kuangukia mahali pa 760. Ukiona nundu ya ajabu upande wa nyekundu, weka chujio la njano. Ikitoweka, haikuwa yake.

Bonde karibu na 570

Swali ni heliamu au sodiamu. Heliamu ina 587.6, sodiamu ina jozi ya 589.0 na 589.6; zimekaribiana kiasi kwamba bonde moja pana haliwezi kukuambia ni nani. Heliamu ikikimbia kilomita 10,000 kwa sekunde inafyonza kwenye 568. Kwa kasi hiyohiyo ndugu zake wa 667.8 na 706.5 wanatakiwa kuwa 645 na 683. Ukipata wote watatu, una Ib. Ukipata la kwanza tu, usiseme. Na uone kwamba la tatu liko mlangoni mwa lile bonde la hewa la 687, kwa hiyo lihakiki kwanza.

Kuna bonde la uongo hapa ambalo hutengenezwa mezani. Taa za barabarani za zamani, zile za rangi ya chungwa, zinatoa sodiamu. Ukiondoa mwanga wa anga kupita kiasi unabaki na kishimo kwenye 589. Kinakuwa chembamba na hakina mhamo wowote, hivyo utakitambua. Taa mpya nyeupe zinazowekwa mjini hazina mstari huo, zina nundu ya buluu karibu na 450 na mwinuko mpana baada yake. Anga lenyewe lina mstari wa kijani wa oksijeni kwenye 557.7 na mwekundu kwenye 630.0, hata uwe Bahi katikati ya mashamba ya mpunga.

Nundu tupu, mabonde hayapo

Supanova ni kuukuu, ya miezi. Gesi imekuwa nyembamba na unaona ndani. Nundu ya oksijeni kwenye 630.0 na 636.4 pamoja na kalsiamu kwenye 729 na 732 inaonyesha nyota kubwa. Nundu za chuma karibu na 470 bila oksijeni ni Ia. Kwenye umri huu kutenganisha ni rahisi, ila nuru yenyewe imefifia mno kwa darubini ndogo.

Watu wawili, majibu mawili, nyota moja

Namba tano na namba saba niliwapa watu tofauti, nikawaambia jambo moja tu: zote zimetoka M81. Kijana wa Mpwapwa mwenye namba tano akaleta II, na hidrojeni yake ilikuwa haina ubishi. Binti wa Kondoa mwenye namba saba akaleta Ib, mabonde matatu ya heliamu yamewekewa mishale kwa penseli. Wakabishana muda mrefu, kila mmoja akiamini mwenzake amekosea kipimo. Waliangalia kipimo cha urefu wa wimbi cha kila faili, wakaangalia mhamo, wakaangalia hewa kwenye 760. Kila kitu kilikuwa sawa.

Binti akazichukua karatasi zote mbili akazibandika kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua la saa kumi likipenya. Ile nundu pana ya hidrojeni ya namba tano ilikuwepo bado kwenye namba saba, ila juu yake, karibu na kileleni, kulikuwa na pengo. Akaweka rula. Pengo lilikuwa heliamu ya 667.8, imekula ndani ya nundu ya hidrojeni.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "hizi zimepishana siku ngapi?"

Nikawapa tarehe. Ni SN 1993J, iliyogunduliwa Machi 28, 1993, na kati ya karatasi zile mbili zilikuwa zimepita wiki kadhaa. Kijana akachukua kifutio, akafuta II yake. Binti akafuta Ib yake. Wakaandika IIb kwenye zote mbili, na chini ya kila moja, tarehe.